Skrubu ya Mshiko

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni. Wewe kifungua mimba wangu keti hapa kitandani, na dada yako akae upande ule. Msinikatize, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kuazima.

Karakana nawaachia wote wawili. Kibali cha kutengeneza bunduki kaka atakishika yeye, meza na vifaa ni vya dada, na asiwepo wa kumfungia mwenzake mlango. Yule fundi wa mtaa wa pili tuliyenuniana naye miaka yote akija kunizika, mpisheni aingie. Sasa nawaambia kwa nini tulinuniana.

Mnamkumbuka Kimya, askari wa mbugani, aliyekuwa akiwabeba mabegani mkiwa wadogo. Mshiko wa bunduki yake, huu wa nyuma ya triga, ulikuwa ukicheza, akaupeleka kwa yule fundi, naye kwa nguvu zake zote akaikaza skrubu inayoushikilia. Siku hiyo nilifuatana na Kimya porini kujaribu shabaha. Nyati aliyejeruhiwa akatoka kichakani, Kimya akainua bunduki, na mshiko ukamzungukia mkononi kama kifuniko cha chupa, risasi ikaingia ardhini. Nililala kifudifudi nikajikojolea, wanangu, nikasikia kila kitu mpaka Kimya akakata roho. Nilipoifungua ile bunduki baadaye, mshiko ulikuwa umepasuka kwa ndani na meno ya skrubu yamelika yote. Haikulegea kwa kutokazwa. Ilikazwa ikafa.

Kwa hiyo sikilizeni. Tangulizeni washa ya meno, ile pete nyembamba ya chuma, kisha ingizeni skrubu kwa vidole, msianze na bisibisi, ili ijitafutie njia. Ikikaa, shikeni bisibisi kwa kiganja bila kutumia bega, mzungushe mpaka isimame, muiongeze kidogo tu, kama mtu anayefunga mlango mtoto amelala, basi. Mkiogopa italegea, tieni tone la gundi ya skrubu. Msiongeze nguvu.

Leo baada ya chakula nilikuwa nimelala hapa, na ukuta huu ni mwembamba. Nikasikia bisibisi ikilia, ikalia tena, halafu ikanyamaza ghafla na kuzunguka bure. Ile ni bunduki ya shemeji yako, mwanangu, na kesho anaingia nayo mbugani. Nilikuuliza kupitia ukutani, ukanijibu, “Imekaa vizuri, Baba.”

Ilete. Mpe dada yako aifungue hapa juu ya shuka, nione.

Haya, mnaona huo unga wa chuma? Na wewe binti yangu, usimtazame kaka yako hivyo. Hakukaza kwa jeuri. Alikaza kwa woga, kwa sababu anayeishika ni mume wako, na woga hushuka mkononi mwenyewe hana habari. Nami naujua, umelala nami kitandani humu tangu juzi, kila nikifumba macho nasikia majani yakivunjika.

Bunduki hii isitoke ndani. Ikibidi mkwe wangu agombezwe kazini kwa kuchelewa, na agombezwe. Kuanzia leo mshiko wowote ukifungwa na mmoja, mwenzake aukague kabla mwenye bunduki hajaitwa, wala aliyeufunga asione amedharauliwa.

Mungu awatulize mikono. Awape watoto watakaowasikiliza kuliko mlivyonisikiliza mimi… nawatania. Awafiche na ubaya wa porini na wa mjini. Nimewaridhia, nyote wawili, sina kinyongo. Maji kidogo… basi, yanatosha.

Sasa mpigie shemeji yako, mwanangu. Mwambie wewe, kwa mdomo wako, kwamba meno yamelika. Hapa hapa, nikusikie. Najua unaogopa. Nishike tu huku simu inaita.

Inaita?

Usikate. Atapokea.