Mkunga Kandida Liheta, Aliyesomeshwa na Bonde Zima

Marehemu Kandida Salvatory Liheta alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Machi 1970, kijijini Lupiro, akiwa mtoto wa tatu na binti wa pekee wa marehemu Salvatory Liheta na Mama Dorotea. Masika ya mwaka huo yalikuwa mazito. Bibi yake mzaa mama, Stefania, ndiye aliyempokea kwa mikono yake, na mpaka leo husimulia kwamba maji yalipanda hadi viboko wawili wakaja kulala barazani, na mtoto alipolia mmoja akapiga chafya. Anayebisha amwulize mzee Pantaleo, aliyeona kwa macho yake. Bahati mbaya tulimzika mwaka juzi.

Alisoma shule ya msingi Lupiro kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, kisha sekondari, akamaliza kidato cha nne mwaka 1988. Alikuwa mwepesi wa kichwa na wa miguu, na ndoto yake moja ilikuwa kuuona mlima wenye barafu, ahakikishe kama walimu hawakumdanganya. Baba yake alifariki Novemba 1989. Barua ya chuo cha uuguzi na ukunga, mkoani Ruvuma, ilipofika Machi 1990, Mama Dorotea aliikunja akaiweka chini ya kitambaa cha redio. Nyumbani hapakuwa na namna.

Hapo ndipo ulipoingia Mfuko wa Jamii wa Bonde. Kwa wageni mliotoka mbali: mfuko huu hauna mfadhili wa Ulaya, wafadhili wake ndio hawa mliokaa nao kwenye mikeka. Baada ya mavuno kila kaya hutoa debe la mpunga. Wavuvi wa Kivukoni hutoa samaki wakavu, wafanyakazi wa mashamba ya miwa huchanga mwisho wa mwezi, na Abdulkarim mwenye duka alitoa stoo yake bila kodi. Mpunga hulala humo mpaka bei ipande, ndipo huuzwa. Kwanza huangaliwa wajane, wagonjwa na waliounguliwa nyumba, kinachobaki kinasomesha. Mwaka ule wa kwanza kilitosha mtu mmoja, na mkutano wa Jumapili, tarehe 25 Machi 1990, ukamchagua Kandida.

Mwenyekiti, mzee Maximilian, akauliza binti akimaliza atatutumikia miaka mingapi. Wapo waliosema mitatu, wapo waliosema mitano. Bibi Stefania akasimama.

"Miaka wanahesabiwa wafungwa," akasema. "Huyu ni mtoto wetu. Andika: atatutumikia mpaka bonde lenyewe litakaposema imetosha."

Makofi yakapigwa, vigelegele vikafuata, ikaandikwa. Kandida, ana miaka ishirini na begi limeshafungwa, akaweka sahihi. Hakuna aliyeuliza bonde linasema kwa mdomo wa nani.

Alihitimu mwaka 1993, akaanza kazi Oktoba mwaka huohuo katika zahanati iliyo jirani na Kivukoni. Alizalisha kwenye pantoni, alizalisha kwenye lori la miwa, na mara moja alizalisha juu ya dungu, kile kichanja cha kuamia ndege shambani, huku baba mtoto akiendelea kurusha mawe kwa kombeo, kwa sababu ndege hawajui uchungu wa mtu. Watoto aliowapokea wakisimama mstari watatoka hapa mpaka Lupiro, na mto watauvuka bila pantoni.

Lakini kusomeshwa na watu wote ni kuwa wa watu wote. Akinunua kitenge kipya sokoni, mtu anashika pindo na kusema, "Debe langu hilo, limependeza!" Akikonda, wanamgombeza kwamba anaharibu mali ya watu. Akikaa ugenini siku mbili, anatafutwa. Alikuwa anacheka. Wengi wetu tuliona yale meno tukaridhika.

Tarehe 22 Julai 1995 alifunga ndoa na Elineema Mbwambo, fundi mitambo wa kiwanda cha sukari, mzaliwa wa Same. Januari 1996 Elineema alipata kazi Kilimanjaro, karibu na mama yake mzazi aliyekuwa mgonjwa. Nyumba ilikuwepo, na hospitali ya huko ilikuwa tayari kumpokea Kandida. Wakakubaliana amfuate ifikapo Juni. Kandida hakutaka kutoroka. Alitaka kuagwa. Basi akaanza kulitafuta hilo bonde limwambie imetosha.

Alianzia kwa mwenyekiti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuelewa, ila mimi ni mwenyekiti tu. Mimi siyo bonde. Waulize wa Lupiro."

Akavuka mto. Wanawake wa Lupiro wakamkumbatia, wakasema aende tu, mume ni mume, lakini amsubiri kwanza Marsiana ajifungue. Marsiana akajifungua. Ursula naye akawa ana miezi saba. Baada ya Ursula wakawepo wengine watatu. Bonde hili halijawahi kukaa hata wiki moja bila mwanamke mjamzito, na Kandida ndiye aliyelijua hilo kuliko wote.

Akamwendea Ndaki, mfugaji Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake.

"Wenzangu walitoa debe," Ndaki akamwambia. "Mimi nilitoa ng'ombe mzima, tena mwenye mimba! Nikuachie uende ukawazalishe Wachaga? Labda uniachie mguu mmoja."

Watu wakacheka, na yeye akacheka. Mwisho akaja kwa bibi yake. Alimkuta anapepeta mchele.

"Bibi, yale maneno ni yako. Wewe sema, wengine watafuata."

Bibi Stefania akainamia ungo. "Umeniletea chumvi?" akauliza.

"Bibi, umenisikia."

"Nasema chumvi imeisha."

Kandida akatoka. Akaenda dukani, akaleta chumvi, akaiweka juu ya kinu, akaondoka. Hakumuuliza tena mtu yeyote.

Ni lazima lisemwe hapa, mbele ya jeneza, ili lisije likasemwa pembeni. Bibi Stefania hakuwa kiziwi. Hata katika ule mkutano wa 1990 hakusema kwa ajili ya bonde. Alikuwa na mjukuu mmoja wa kike, hakutaka aende mbali, akaona karatasi ya mfuko ni kamba nzuri. Hakujua kusoma, lakini kufunga alijua.

Mwaka 1997 Mungu aliwajalia binti, Eveline. Elineema alikuwa akija kutoka Kilimanjaro Krismasi na Pasaka tu. Pasaka ya 1998, mwaka wa mvua za El Nino, barabara ilikatika, akakwama Kidatu siku nne, akageuza. Eveline alipojifunza kuamkia, alimwambia baba yake, "Shikamoo, mgeni." Kandida alitoka nje. Siku hiyo hakucheka.

Marehemu alianza kuugua figo Januari 1999. Alilazwa Ifakara, na mwezi Mei akapelekwa Dar es Salaam. Mfuko ulilipa yote, na michango ilikuja hata kutoka Mngeta, kwa watu ambao hakuwahi kuwazalishia. Yaani alipendwa, hilo lisitiliwe shaka. Julai akarudishwa. Alimwita mzee Maximilian kando ya kitanda. Hakujitakia chochote. Alimtaja Bernadeta, msichana wa tatu wa mfuko, ambaye yupo chuoni sasa hivi na karatasi yake ina maneno yaleyale.

"Mwandikieni miaka," alisema. "Hata kama ni kumi, babu, lakini iandikwe. Mtu akihesabu anapata usingizi."

Alifariki Ijumaa, tarehe 6 Agosti 1999, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe.

Jana, tukiwa hapahapa msibani, kamati ilikaa. Imeandikwa miaka minne, kwa Bernadeta na kwa kila atakayefuata, na baada ya hapo mtu aende anakotaka, asindikizwe kwa ngoma. Wa kwanza kuweka dole gumba alikuwa Bibi Stefania. Wino ulimjaa mpaka kiganjani, na amekataa kunawa.

Marehemu ameacha mume, Elineema, mtoto mmoja, Eveline, ambaye kesho kutwa anaondoka na baba yake kwenda Kilimanjaro, na hakuna wa kuulizwa ruhusa; mama yake mzazi, Dorotea; kaka wawili; bibi yake, Stefania, ambaye alipaswa kutangulia; na watoto wote wa bonde hili waliopita mikononi mwake.

Kandida, mama, watu wametosheka. Lala. Na aliye na mgonjwa, asije kukuamsha.