Dada Fundi na Shati la Kukulia

Vuteni viti, wasikilizaji wapendwa. Kama kuna kitu kinachemka jikoni, punguzeni moto. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja, fundi cherehani. Wateja wake walimwita Dada Fundi, na sisi tutamwita hivyo hivyo. Dada Fundi ametutoka wiki iliyopita, baada ya kuugua kifua kwa muda mrefu. Kichwani hakuwa na mvi hata moja.

Narudia kwa wale waliofungua redio sasa hivi. Dada Fundi, fundi cherehani, ametutoka.

Kipindi hiki mmekizoea. Mtangazaji anakuwa mpole, anasema marehemu alikuwa mtu wa watu, muziki unapigwa, tunafuta machozi. Leo upole sina. Leo nina wivu. Nilikuwa na wivu siku nilipomwona Dada Fundi kwa mara ya kwanza, na wivu huo haujazeeka hata kidogo. Mimi mashairi nilijifundisha mwenyewe, bila mwalimu, na sikujifundisha ili nije kumung'unya maneno mbele yenu.

Ilikuwa siku yetu ya kwanza sekondari. Shule ya bweni, kidato cha kwanza. Mama yangu ni mfanya usafi hospitalini, na siku hiyo alinyimwa ruhusa. Alinipandisha gari alfajiri, akaniwekea godoro juu ya sanduku la bati, akasema, "Mwanaume haogopi geti." Basi nikafika getini peke yangu. Sikuogopa geti. Niliogopa sare yangu.

Mnajua sare ya kidato cha kwanza inavyoshonwa. Haishonwi kwa mtoto aliyepo. Inashonwa kwa mtoto atakayekuwepo. Mzazi anamwambia fundi, "Acha nafasi, huyu anakua." Kwa hiyo uwanja ule ulijaa mashati yanayotembea yenyewe. Mabega yameshuka mpaka viwikoni. Mikono imemeza vidole. Mwenzetu mmoja alinyoosha mkono kujibu swali la mwalimu, mwalimu akaona kitambaa tu. Langu mimi lilikuwa kubwa kuliko yote. Nikiketi, lilibaki limesimama.

Halafu akaingia yeye. Kijana mfupi, kifua mbele, shati limemkaa kama ganda lilivyokaa kwenye yai. Suruali yake ilikuwa na mkunjo mkali hivi kwamba wakubwa wa kidato cha nne walimbatiza palepale: Mkasi. Hata leo anaitwa Mkasi. Na nyuma ya Mkasi, akiwa amebeba godoro la mdogo wake kichwani, alikuja Dada Fundi. Futi ya kupimia shingoni. Sindano mbili zimechomekwa kwenye kola.

Alitua godoro. Akapiga magoti kwenye vumbi, mbele ya walimu na wazazi, akang'ata kwa meno kipande cha uzi kilichochomoza kwenye pindo la suruali ya Mkasi.

"Simama wima, baba. Usiniharibie kazi."

"Dada, watu wanatuangalia."

"Waangalie. Kwani nilishona ili wafumbe macho?"

Wasikilizaji wapendwa, hapo ndipo wivu uliponishika. Msidhani niliona wivu kwa ajili ya shati. Shati ni shati. Nilitaka mtu wa kunipigia magoti kwenye vumbi akang'ate uzi wangu. Nyumbani kwetu tulikuwa wawili tu, mimi na mama. Dada sikupata. Na kijana huyu alikuwa na dada hapo, na alikuwa anamwonea aibu!

Shule ile ilikuwa na mila yake. Siku ya kwanza, wakati wa chakula cha mchana, kila mgeni anapanda juu ya benchi bwaloni na kusema lolote. Wenyeji wakikukubali, wanagonga meza kwa vijiko. Wakikukataa, wanakugeuzia migongo, na utaitwa "Migongo" mpaka umalize shule. Mkasi alipanda, akataja jina lake, akashuka. Neno jingine hakusema. Vijiko vikalia kwa ajili ya mkunjo wa suruali. Vijiko, kwa ajili ya suruali!

Zamu yangu ikafika. Nilikanyaga pindo, nikajikwaa, nikashika meza. Bwalo likacheka kabla sijafungua mdomo. Damu ikanipanda. Nikasema nilichokuwa nimekitunga getini, nikimtazama Mkasi:

Shati langu kama hema, mikono yagusa chini,
Na upepo ukivuma, napepea uwanjani,
Mwenzangu amesimama, kama bwana harusini,
Moyo wangu waniuma, dada yangu mimi nani?

Vijiko vililia mpaka mpishi akatoka jikoni. Lakini sikusikia vijiko sana. Madirisha ya bwalo yalikuwa wazi, na nje walikuwapo wazazi wachache waliokuwa hawajaondoka. Dirishani nikaona futi ya kupimia.

"Wewe mshairi wa hema," akaita. "Hebu njoo huku."

Nikaenda. Alinizunguka kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga.

"Nani kakushonea hili?"

"Fundi wa mtaani kwetu. Mama alimwambia aache nafasi."

"Na kaacha. Humu unaweza kuweka wapangaji wawili."

Mkasi alicheka. Nikamwambia Dada Fundi, "Likate, dada. Lifanye liwe kama la huyo."

Akageuza mshono wa bega ndani nje, akautazama kwa muda. Kisha akatikisa kichwa. "Silikati."

"Kwa nini?"

"Mama yako kamshonea mtu ambaye bado hajafika. Nikilikata leo, huyo mtu akija atavaa nini?"

Nilikasirika, jamani. Nikajisemea, kumbe mkasi wake una mwenyewe, na mwenyewe ni yule mfupi. Nikageuka niondoke. Akanishika mkono wa shati, na kwa kuwa ulikuwa mrefu, nilipiga hatua kadhaa kabla haujanivuta.

"Hasira za nini? Tulia, nitakuchoma."

Alichomoa sindano kwenye kola. Akakunja mikono ya shati kwa ndani, akaingiza mabega, akabana ubavuni. Kote alipita na mshono wa kushikiza, ule mrefu mrefu unaofumuka kwa kucha. Hakukata hata uzi wa kitambaa cha mama yangu. Alipomaliza, shati lilinikaa, na kitambaa chote kilikuwa bado kimo ndani yake, kinasubiri.

"Dada, gari litakuacha," Mkasi akasema.

"Liniache. Huyu naye ana mwili." Kisha akanigeukia. "Ukikua, njoo nikufumulie mkunjo mmoja."

Kwa hiyo kila likizo nilikwenda kwenye chumba chake cha ushonaji. Cherehani lilikaa mlangoni ili mwanga uingie. Sakafuni vipande vya vitambaa, ukutani kioo chenye ufa. Dada Fundi aliimba akishona, na aliimba vibaya, tena kwa nguvu. Alichukia kushona zipu. Aliweza kukwambia wewe ni mnene mbele ya mchumba wako, na bado ukarudi.

Alinifumulia mkunjo mmoja, kisha mwingine. Lakini wivu haukufumuka. Mkasi aliingia chumbani mle bila hodi, akafunua sufuria, akala. Mimi nilipiga hodi. Mkasi alikemewa, akatumwa maji, akapigwa kofi la mgongoni kwa utani. Mimi niliambiwa, "Karibu, kaa." Jamani, nilitamani kukemewa! Na mteja akiuliza, "Huyu kijana ni nani?" Dada Fundi alijibu huku akikanyaga pedali, "Huyu? Huyu ni Wa Shati." Mkasi alikuwa mdogo wake. Mimi nilikuwa Wa Shati.

Tulipomaliza kidato cha nne, mkunjo wa mwisho ulifumuliwa. Shati lilinikaa barabara. Mkasi alinitazama kutoka chini, kwa maana hakuwa amerefuka.

"Mama yako alijuaje, we jamaa?" akasema. "Mimi dada ananipima kila mwaka, futi inasema vilevile."

"Wewe ni kitambaa kisichovutika," Dada Fundi akamjibu. "Nikuachie nafasi ya kuweka nini?"

Tulicheka wote. Mkasi alicheka kidogo tu. Juzi alinipigia simu, akaniambia, "Kaka, siku ile ya kwanza shuleni nilikuonea wivu mpaka usiku sikulala. Wewe ulikuwa na mikunjo ya kukulia." Nikamwambia asinidanganye. Akasema, "Basi, amini unachotaka. Wewe ulipenda kuamini mwenye wivu ni wewe tu."

Sasa sikilizeni na hili, ambalo mimi mwenyewe sikulijua. Mama yake Dada Fundi amenisimulia wiki hii. Dada Fundi alifaulu kwenda sekondari. Hakwenda. Baba yao alifariki mwaka huo, na shangazi akampa cherehani. "Miguu haikufika vizuri kwenye pedali," mama ameniambia. "Alikuwa anakanyaga amesimama. Siku alipompeleka mdogo wake shuleni, alirudi gizani, gari lilikuwa limemwacha. Nikataka kumgombeza. Akaniambia, 'Mama, leo na mimi nimekwenda sekondari. Nimekaa mpaka jioni.'"

Dada Fundi, fundi cherehani. Alimsomesha mdogo wake kwa pedali ile. Alifundisha ushonaji wasichana wengi, na wengine leo wana vyumba vyao. Alishona mpaka kifua kilipomkataza. Ametutoka wiki iliyopita.

Nilikwenda msibani. Viti vilipangwa uani. Mkasi alikaa mbele, kando ya mama yake, na watu walipita mmoja mmoja. "Pole, kaka." "Pole sana, jikaze." Wanamshika mkono, wanamkumbatia. Mimi nilikaa karibu na mlango, palipovuliwa viatu. Kila aliyepita aliniruka. Mmoja alisimama, moyo wangu ukainuka. Akasema, "Wewe si ndiye wa redioni? Kipindi chako kizuri."

Naam, wasikilizaji wapendwa. Nilimwonea wivu mtu aliyefiwa. Nilizionea wivu pole zake.

Mwisho nikasimama, nikajiweka sawa, nikaenda mbele kama mtu wa kazi. "Pole sana, mama. Kwa niaba ya kituo chetu cha redio..."

Mama hakuuachia mkono wangu. "Kituo gani? Unampa nani pole?"

"Wewe, mama. Na familia."

"Mtu anatoka chumbani kwake anakuja sebuleni kutoa pole? Umeona wapi? Kaa hapo." Akamsukuma Mkasi kwa kiwiko. "Sogea."

Mkasi akasogea kidogo.

"Sogea tena," mama akasema.

Nikakaa. Mwombolezaji aliyefuata akampa Mkasi mkono, akamwambia pole, akaniangalia mimi, akasita. Mama akamwambia, "Ni wawili hao."

Desturi ya kipindi hiki ni kwamba hapa mwishoni natoa salamu za rambirambi kwa familia. Nimezitoa kwa familia nyingi, na sauti yangu haikuwahi kukwama. Pole, mama. Poleni, wasichana wa Dada Fundi, wa vyumba vyote. Mkasi, wewe pole sikupi, kwa maana na wewe hujanipa yangu.

Nawaachia jambo moja la kutafakari. Mkienda msibani, msiishie viti vya mbele. Tazameni kule mlangoni, kwenye viatu. Mara nyingi kuna mtu amekaa pale ambaye hakuna anayejua amwiteje. Msimuulize habari za kazi. Mpeni mkono.

Nami mkinikuta mtaani wiki hii, msinisifie kipindi. Nipeni pole. Nimefiwa na dada yangu.