Duara la Mwisho la Mwalimu Nyota

Siku ya nne baada ya kumzika Mwalimu Nyota, wanabenchi wenzake walirudi kwenye benchi lao mbele ya duka la kahawa, wakabanana upande mmoja kana kwamba mzee angekuja kudai nafasi yake. Miaka tisa Fundi Saa alikaa bega kwa bega na yule mwalimu mstaafu wa fizikia, na leo hata kahawa haikumpanda. Kinyozi, ambaye kimya humwasha kama upele, ndiye aliyechokoza.

— Hivi zile nyota mbili alizokuwa akitusimulia Mwalimu, mwishowe zilikuwaje?

— Si ziligongana! — akadakia Breki, dereva wa lori aliyestaafu. — Breki zilikatika.

— Acha zako! — Kinyozi akamkata. — Nyota ina breki?

— Basi usingizi. Mbio zote zile, na hakuna wa kukupokea usukani!

— Mie nasema mapenzi, — Kinyozi akashikilia. — Huyu anamvuta huyu, mpaka wanaumizana. Na kizunguzungu cha mke wangu kinatokana na nyota hizohizo.

Fundi Saa akaona wanamzika mzee mara ya pili.

— Sikilizeni, nyie. Ni nyota zilizokufa, zimeshindiliwa. Kila moja nzito kuliko jua, lakini yaenea ndani ya mji mmoja. Zikizungukana zinatikisa anga lenyewe, na mtikisiko ule unaondoka na nguvu zao. Zinasogeleana kidogo kidogo, miaka mamilioni. Sasa, kuna duara la mwisho. Kabla ya hapo, kuzunguka kunawezekana. Zikilivuka, basi tena, ni kutumbukia.

— Hakuna kurudi nyuma? — akauliza Breki.

— Mzee alisema hakuna.

Ndipo mwanamke mwenye sanduku akasimama mbele yao.

— Shikamooni. Nimeelekezwa hapa. Mimi binti yake Mwalimu. Mazishi sikuyawahi.

Wakatazamana. Binti? Wakampa pole, wakampa kahawa, kisha Kinyozi akammwagia yote: nyota, anga, duara. Alisikiliza mpaka mwisho.

— Na mimi je? Alikuwa akinitaja?

Breki akachungulia kikombe chake. Kinyozi akakohoa. Uongo ulimfika Fundi Saa kwenye ncha ya ulimi, uongo mtamu tu, wa kumtuliza mtoto wa watu. Miaka tisa alimwuliza mzee habari za jua, za mwezi, za kwa nini saa huchelewa. Hata siku moja hakumwuliza, “Una mtoto?”

— Hatukumwuliza, mwanangu.

— Hata mimi sikumwuliza mengi, — akasema binti. — Simu zetu zilikuwa fupi.

Muuza kahawa akainamisha birika; halikutoka hata tone. Fundi Saa akainuka, akalishika lile sanduku.

— Chumba chake unakijua?

— Sikijui.

Akatangulia kumwonyesha njia. Mlangoni akalitua sanduku, akampisha aingie kwanza yeye.