Gego la Kushoto la Mzee Dakika Mbili

Kila asubuhi, kabla redio haijawashwa, marehemu alipiga mswaki huku anatembea. Alianzia bombani nyuma ya nyumba, akapita chini ya kamba ya nguo, akafika getini, akageuka. Mizunguko minne ilikuwa dakika mbili kamili, na ndipo lilipotoka jina la Mzee Dakika Mbili. Akipita dirishani aligonga kioo kwa kidole na kusema, povu mdomoni, maneno ambayo nyumba nzima iliyaelewa: "Na ulimi pia." Kukaa kitako hakukujua. Chai alikunywa amesimama, barua alisoma amesimama, na mwenyeji akimwambia, "Mzee, karibu kiti," alijibu, "Kaeni nyinyi, mimi nilikaa jana."

Alizaliwa Jumanne, tarehe 11 Machi 1958, mtoto wa tatu kati ya watano, katika vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, ambako baba yake alikuwa mlinzi. Mama yake alikuwa mshonaji.

Alianza shule mwaka 1966 akaiacha 1972, akiwa darasa la saba, wiki mbili kabla ya mtihani. Si kwamba kichwa kilikuwa kizito. Jino lilimuuma, shavu likavimba, hospitali ikawa mbali, basi akaitwa jirani yao fundi baiskeli na koleo lake. Walimkalisha kwenye kiti chenye mikono, wanaume watatu wakamshika, jino likatoka vipande vipande. Homa ilipomwachia, mtihani ulikuwa umeshapita. Habari hiyo hakumsimulia mtu. Mkewe aliijua baada ya miaka kumi na mmoja ya ndoa, siku alipomuuliza kwa nini hapa nyumbani hakuna kiti hata kimoja chenye mikono.

Tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa kuchemsha vyombo katika chumba cha meno cha hospitali ya wilaya, akafanya kazi hapo hapo mpaka alipostaafu mwaka 2018. Vyombo vilizaa kazi nyingine ambayo hakuna aliyemtuma: kushika mkono wa mgonjwa. Sindano ya ganzi ikitolewa tu, yeye alikuwa ameshasogea. Nje, mbele ya benchi la kungojea, alikwenda na kurudi akifundisha. Mswaki laini, asubuhi na kabla ya kulala. Miezi mitatu ikipita, mswaki wa zamani ukasugue bomba, wewe nunua mwingine. Uzi wa meno upite pale mswaki usipofika. Kila miezi sita uje uangaliwe, hata kama huumwi. "Na jino lililokuwa likiuma likinyamaza lenyewe," aliwaambia, "usifanye sherehe. Limekufa, na huko chini uozo unaendelea na kazi."

Mkewe alifika kwenye benchi hilo mwaka 1984. Marehemu alipokuwa akimwekea pamba baada ya jino kung'olewa, yule dada akamng'ata kidole cha shahada mpaka damu.

"Dada, mimi si daktari. Mimi ni wa pamba tu."

"Basi pole, wa pamba. Lete kingine."

Walifunga ndoa tarehe 20 Aprili 1985. Alama ya meno ile haikufutika, na mama yetu alipenda kusema kwamba yeye ndiye aliyemtia mume wake muhuri kabla hajamjua jina.

Ugonjwa ulianza Januari mwaka huu, 2024. Hakusema. Ila chakula kilihamia upande wa kulia, na mto akaugeuza usiguse shavu la kushoto. Mkewe aliona. Mara tatu walikwenda pamoja kwenye chumba kile kile cha meno, na mara tatu jina lake lilipoitwa, benchini alikuwa mama peke yake. Mara ya tatu alimkuta kwenye geti la hospitali, anawafundisha wauza maji kupiga mswaki.

"Kwa hiyo hawa ndio wagonjwa?"

"Mke wangu, nilitoka kupunga upepo kidogo."

"Upepo gani huo unaokujia ukiitwa jina?"

Mwezi wa nne gego likanyamaza. Aliingia ndani anapiga mluzi. Mama hakucheka.

"Si wewe uliyewaambia watu likinyamaza waogope?"

"Hao walikuwa wagonjwa."

"Na wewe?"

"Mimi nina mswaki."

"Kweli mganga hajigangi."

Akatoka tena uani. Mizunguko minne ikawa sita, ikawa minane, mpaka fizi zikatoa damu. Yeye mwenyewe alijua kuliko sisi sote kwamba mswaki haufiki mzizini, na bado alizunguka.

Jumanne, tarehe 4 Juni, uvimbe ulishuka chini ya taya na sauti ikawa nzito. Alhamisi alikwenda hospitali peke yake. Daktari, dada ambaye alianza kazi akifundishwa naye kushika mikono ya watu, ametueleza kwamba aliingia, akakizunguka kile kiti mara mbili, kisha akakaa. "Nimekaa," alimwambia. "Sasa nishike mkono, binti yangu, halafu uangalie." Daktari aliangalia, akaita gari la wagonjwa. Usaha ulikuwa umeshaingia shingoni. Alifariki katika hospitali kuu Jumapili, tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Mkewe ameomba sababu isomwe kama ilivyo, isiitwe "kuugua kwa muda mfupi". Ni jino moja, na miezi mitano.

Ameacha mke, watoto wanne, wajukuu saba na dada yake mmoja. Wajukuu wote saba wameshaandikishwa kwa daktari wa meno, kwa amri ya bibi yao, na hakuna anayeruhusiwa kutoka kupunga upepo. Baba, ulisimama mno. Sasa keti, utulie, Mungu akushike mkono.

Asubuhi ile ya Alhamisi alizunguka mara nne tu. Alisukutua, akaurudisha mswaki kikombeni, akavaa shati la kazini. Mama alikuwa ameshika kanga yake amfuate.

"Nikusindikize."

"Ukija nitakimbia, unanijua. Leo nataka kukaa."

"Utakaa kweli?"

"Nitakaa. Wewe funika chai."

Alifungua geti, akatoka bila kugeuka nyuma. Mama aliifunika chai.