Mzee Erifazi Tsongo Amefika Bwera kwa Pikapu Yake

Ndugu, majirani na marafiki, poleni na msiba, na asanteni kwa kupanda mlima huu. Mimi ni Medius Masika, binti wa marehemu. Nimeagizwa nisome polepole kwa sauti ya msiba. Nitajaribu, lakini mambo ya Alhamisi bado yamenipanda kichwani, kwa hiyo mnivumilie.

Mzee Erifazi Tsongo alizaliwa tarehe 14 Mei 1956 huko Bwesumbu. Wazazi wake, marehemu Samwiri Thembo na marehemu Ronah Muhindo, walikuwa wakulima wa kahawa na mihogo.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Bwesumbu kuanzia 1964 hadi darasa la saba mwaka 1970. Alipenda hesabu, ila kukaa kitako kulimshinda. Siku moja lori la kahawa liliharibika karibu na shule, akatoroka darasani kwenda kulitazama. Mwalimu alimfuata na fimbo, akafika pale, akaona injini imefunguliwa, naye akabaki akitazama. Walirudi pamoja jioni.

Mwaka 1972 alishuka Kasese kujifunza umakanika. Mwaka 1984 alipata pikapu ya bluu ya petroli, akaanza kubeba chumvi kutoka Katwe hadi huku Bwera. Kina mama wa Katwe walimjua kwa mlio wa injini, wakaanza kufunga magunia kabla hajatokea. Sisi watoto alitufundisha kila kitu katika pikapu hiyo isipokuwa kimoja: distribyuta, kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi nne, kila moja kwa zamu yake. Hicho alikisafisha mwenyewe. Ukikisogelea na spana, unasikia, "Wee! Apo haupite!"

Tarehe 12 Desemba 1987 alimwoa Mama yetu, Bulandina Kabugho, hapa Bwera. Asubuhi hiyo pikapu yake iliyokwenda kumchukua bibi harusi ilizimika Nyakiyumbu, distribyuta imekufa. Bwana harusi aliacha watu kanisani, akaja na baiskeli, suti na yote. Rafiki yake Musitafa, msafirishaji mwenzake, alifungua distribyuta ya gari lake mwenyewe akampa, akabaki amekwama barabarani siku nzima. Mama alishuka akasaidia. Ndiyo maana katika picha ya harusi glavu zake nyeupe zina vidole vyeusi.

Oktoba mwaka jana Baba aliugua presha, kisha figo. Pikapu nayo ikaugua: mhimili wa ile distribyuta ulikuwa umelika hadi unacheza, na moto ukawa unakuja unavyotaka. Musitafa, Mungu amzidishie, alizunguka maduka yote ya Kasese akapata nyingine. Baba aliiweka kando ya kitanda cha hospitali, ndani ya gazeti, karibu na dawa zake, akisema ataifunga mwenyewe akipona. Mwezi wa pili aliniita. "Medius, nikikufa munibebe na gari yangu. Musinirudishe Bwera na gari ya kukodi, minakuwa kama mugeni." Nilimwahidi. Alituacha asubuhi ya Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, hapo Kasese.

Basi Alhamisi! Baba mdogo Kathembo alisema wazi kwamba pikapu isipowaka kufikia mchana, anakodi gari. Mimi na kaka Fred, ambaye ni makanika, tukaingia kazini uani huko Kasese, waombolezaji wakitutazama. Tulifanya kila kitu kwa adabu. Fred alizungusha injini taratibu, mimi kidole gumba kwenye tundu la plagi ya kwanza, mpaka upepo ukanisukuma: pistoni inapanda kubana. Alama ya injini ikakaa mahali pake. Tukaingiza distribyuta mpya, mkono wake wa ndani ukielekea waya wa kwanza, kama inavyotakiwa. Waya tulizihamisha mojamoja kutoka kifuniko cha zamani, kila moja tundu lake. Fred akapiga ufunguo.

Ilipiga kama bunduki! Kabureta ikatema moto, kuku wakaruka, Fred akapoteza nusu ya nyusi zake, mnaziona. Tukajaribu tena, tena, bure. Baba mdogo alikuwa amekwisha kushika simu. Mimi nilitaka kulia, si kwa ajili ya injini, bali kwa ajili ya ahadi.

Ndipo Mama akainuka mkekani.

"Muko naiweka vile inafundishwa," alisema. "Baba yenu hakuiweka vile. Siku ya arusi aliingiza kinyume, nusu muzunguko. Muchungaji iko nangoja, hakuna saa ya kuitoa. Akahamisha waya tu, mi namushikia."

"Mama, na miaka yote hii hakuirekebisha?" Fred aliuliza.

"Alisema ilitufikisha kanisani, basi isiguswe."

Kumbe! Waya za zamani zilifuata kinyume chake, na distribyuta yetu tumeiweka sawa. Nikamwambia Fred tuhamishe waya tu, kazi ya dakika. Mama akakataa kabisa: "Waya muache vile aliziacha. Geuza hiyo kitu." Akazishika zote kwa mikono yake, nami nikachomoa distribyuta, nikageuza mkono wake wa ndani nusu mzunguko, nikairudisha. Fred akapiga ufunguo, ikawaka! Ikawa inatetemeka bado, basi nikalegeza bolti, nikaizungusha kidogo, kidogo sana, kama Baba alivyotusimulia kwa mikono hewani, mpaka mlio ukatulia. Nikakaza. Wallahi, Musitafa alirusha kofia yake, na waombolezaji wakapiga vigelegele msibani! Baba mdogo akaweka simu mfukoni.

Jana Baba alitoka Kasese nyuma ya pikapu yake. Tulipita njia ya Katwe, na kina mama wa chumvi walikuwa wamesimama kando ya barabara. Walikuwa wameusikia mlio. Mlima wote injini haikugonga hata mara moja.

Marehemu ameacha mjane, Bulandina Kabugho, watoto Fred Baluku, Medius Masika, Bright Bwambale na Patience Biira, wajukuu tisa, ndugu yake Kathembo, na Musitafa, ambaye Mama amesema aandikwe hapa pamoja na ndugu.

Baada ya ibada mtampa Mama mkono. Mtaona vidole vyake vina oili nyeusi. Tafadhali msimletee maji, amekataa kunawa hadi tumalize kumzika mumewe.

Wasingya, Tata, asante Baba. Umefika nyumbani, pumzika.