Nogiwa Tsuneko, Mtunza Miamba wa Kasumori

Tarehe 31 Machi, Bi. Nogiwa Tsuneko atakabidhi funguo za ghala letu la sampuli za miamba iliyochorongwa baada ya miaka thelathini na minane ya kazi. Wahariri wa jarida letu wameniomba niandike wasifu wake kwa kuwa nilikuwa msimamizi wake. Hawakuniuliza kama nastahili.

Alikuja akiwa na miaka ishirini na miwili, akaajiriwa kwa miezi sita kuandika lebo. Kila tundu linalochorongwa milimani hutoa vipande virefu vya mawe, vinene kama mkono, navyo hupangwa kwenye masanduku. Leo yapo zaidi ya elfu tisa na anayajua yote. Mkurugenzi mmoja aliyeweka mguu juu ya sanduku alitolewa nje kwa upole mkubwa.

Masomo ya waajiriwa wapya aliyaanzia kwenye tope la mtoni. Kisha aliwapa tope lililogandamizwa na mashapo ya juu yake likawa jiwe, kisha jiwe lilelile lililopikwa na joto na kubanwa chini ya ardhi mpaka likawa na matabaka yanayong'aa. Hata itale, lile jiwe gumu la milimani, aliwaambia, iliganda polepole kutoka ujiuji wa moto, na ikifika juu huoza, huwa mchanga, na kazi huanza upya.

Miaka kumi na mitatu iliyopita tulikuwa tunatoboa handaki la Kasumori. Tulichelewa wiki tisa, na makao makuu walinipigia simu kila asubuhi. Ramani ilionyesha itale ngumu tupu kwa mita mia mbili mbele yetu. Jumatatu moja Nogiwa-san aliingia ofisini kwangu amekumbatia sanduku namba 417, la uchorongaji wa zamani wa barabara ambayo haikujengwa. Katikati ya itale mlikuwa na utepe wa kijivu, upana wa kiganja. Alieleza kuwa hapo pande mbili za mlima zilisuguana, zikasaga itale ikawa unga, na maji ya moto yakaugeuza unga kuwa udongo wa mfinyanzi. Nyuma ya udongo huo maji hujaa kama bwawani. Kwa hesabu yake, tulikuwa tumebakiza mita kumi na nane kuufikia.

Nilikuwa nimechoka, na vijana wangu walikuwa wanasikiliza. Nikamwambia, "Nogiwa-san, wewe tunza masanduku. Handaki niachie mimi."

Hakukasirika. Alimega kipande cha ule utepe, akakitumbukiza kwenye kikombe changu cha chai. Kikasambaratika.

"Hatori-san," alisema, "hicho ndicho kinachozuia mlima usiwamwagikie watu wako kumi na mmoja."

Vijana wakacheka. Nikaamuru kazi iendelee.

Jumanne tulisogea mita tano. Jumatano, nne na nusu. Siku zote mbili alisimama mlangoni mwa handaki, akimuuliza kila aliyetoka kama mwamba umeanza kuvuja. Alhamisi asubuhi Kajitani, kiongozi wa zamu, alimjibu kuwa ndiyo. Baruti zilikuwa zimeshaanza kupakiwa. Nogiwa-san alikuja mezani kwangu, akainama, akaomba tundu moja tu jembamba la kupima kilichoko mbele. Nilikubali, nusu kwa hofu, nusu ili aondoke.

Mtambo wa kuchoronga ulipofika mita nane na nusu, maji yaliitupa nje fimbo yake ya chuma, ikamvunja Kajitani kifundo cha mguu. Wenzake walimbeba. Mlangoni tulihesabu watu: tisa, kumi. Urushido alikuwa amerudi kuzima umeme. Nogiwa-san alishika ukuta, akilitaja jina lake kwa sauti ndogo. Urushido alipotoka, tope lilikuwa limemfika magotini. Dakika ishirini baadaye ukuta wa mbele uliporomoka.

Handaki tulilipitisha kwingine, mimi nikapandishwa cheo. Ripoti ya ajali niliiandika mimi. Niliandika kuwa uongozi ulichukua tahadhari kwa wakati. Jina la Nogiwa-san halimo. Nakala aliihifadhi yeye mwenyewe, maana ndiyo kazi yake, na hakuwahi kunilaumu. Kila mwisho wa mwaka aliniletea mboga za nozawana alizozitia chumvi, na kila mwaka nilikula kwa aibu.

Wiki iliyopita niliandika masahihisho ya ripoti ile. Kajitani, Urushido na wenzao wameyatia saini. Nilimpelekea ghalani, akayasoma amesimama.

"Umeandika mita nane," alisema. "Ilikuwa nane na nusu."

Kisha akaenda nyuma ya rafu, akakaa huko muda mrefu.

Nogiwa-san, nimesahihisha. Watu kumi na mmoja wanakushukuru, na wa kumi na mbili anakuomba radhi. Pumzika vizuri, uwe na afya, na siku zako ziwe nyingi na tulivu.

Hatori Kiyomitsu
Idara ya Mahandaki