Tangazo Lililotazama Ndani

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja, Bi. Marlys Engebretson anakabidhi funguo za kile chumba kidogo nyuma ya jiko la sekondari ambacho wilaya yetu ya shule ya Tamarack Falls, Minnesota, imekuwa ikikiita Idara ya Sheria. Idara nzima ilikuwa yeye, makabati mawili na birika la kahawa lisilooshwa.

Alikuja kama wakili wa wilaya, kwa mkataba wa mwaka mmoja. Ajira za walimu, ajali za mabasi, wazazi wenye hasira, paa lililovuja: yote yalipitia mezani kwake. Walimu wapya walionywa mapema kwamba Marlys hatoi jibu unalolipenda, hutoa jibu lililopo. Mimi ni karani wa bodi ya shule, nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa, na nakiri kwamba nilimwogopa karibu miaka yote hiyo.

Lakini anayetaka kumjua aulize habari za Jumatatu moja ya Januari, miaka minane iliyopita. Bodi iliitisha mkutano maalumu kupiga kura ya kuifunga Shule ya Msingi ya Norden, yenye watoto tisini na wanne. Azimio la kuifunga aliliandika Marlys mwenyewe, maana ndiyo kazi yake. Kila mtu alijua hesabu: wajumbe wanne wataifunga, watatu watakataa. Wazazi walijaa ukumbini na makoti yao mwilini, hata kahawa hawakuigusa.

Marlys aliingia akikung'uta theluji, akamwendea msimamizi wa wilaya, Duane Haugland, aliyeketi kando yangu. Akamkumbusha kwamba sheria inataka mkutano wa namna ile utangazwe mlangoni siku tatu kabla. Tangazo lilikuwepo. Ila kwa baridi ile gundi haishiki nje, kwa hiyo lilibandikwa upande wa ndani wa kioo, na maandishi yakatazama korido. Ofisi ilikuwa imefungwa tangu Ijumaa. Aliyepita nje aliona karatasi nyeupe tu.

“Marlys, hebu acha hizo. Watu si hawa hapa wamejaa?”

“Hawa ni waliosikia. Mkipiga kura leo ni batili, Duane.”

“Kwani wewe wakili wetu au wao?”

“Wenu. Ndiyo maana nawazuia.”

Mwenyekiti, Lyle Sather, mmoja wa wale wanne, akauliza kwa sauti ni nani aliyelibandika. Kalamu ilinidondoka.

“Hilo halimo kwenye ajenda,” akasema Marlys, akaketi.

Mkutano ukaahirishwa kwa siku kumi. Katika siku hizo Lyle alipanda basi katika njia ambayo watoto wa Norden wangeifuata: saa moja na dakika ishirini kwenda, gizani, na vivyo hivyo kurudi. Siku ya kura aliunyoosha mkono pamoja na wale watatu, na Norden iko wazi mpaka leo.

Marlys hakuwahi kunitaja. Basi nijitaje mwenyewe: aliyebandika ni mimi, Karla Pfeiffer.

Asante, Marlys. Nenda ziwani kwako ukapumzike, samaki wakusumbue badala yetu. Karamu yako ni Ijumaa saa tisa alasiri, na kila mmoja aje na chakula cha kula pamoja. Tangazo liko mlangoni. Nimetoka nje kwenye mvua kulisoma, mara mbili.